Mkalimani aliyekataa kupunguza makali

Saa nne asubuhi, ukumbi wa kata umejaa mpaka waliochelewa wameegemea kuta. Mbele, kwenye meza yenye kitambaa cha kijani, mjumbe wa bunge la jimbo anasafisha koo. Amekuja kuwaeleza vijana sheria zilizopitishwa mwaka huu. Kando yake, mwanamke mwenye blauzi nyeusi isiyo na ua hata moja anavuta pazia la dirisha lililo nyuma yake, anarudi mahali pake, kisha anapandisha mikono ya blauzi hadi juu ya kifundo cha mkono.

"Mwanga ukiwa nyuma yangu nageuka kivuli," ataeleza baadaye. "Na kivuli hakisomeki."

Mjumbe anaanza kusema. Mikono ya mwanamke nayo inaanza. Haina pete wala rangi ya kucha. Safu tatu za mbele zimekaliwa na vijana ambao hawamtazami Mheshimiwa hata kidogo, na mgeni angedhani wamekosa adabu. Ni viziwi. Macho yao yote yako kwa mkalimani.

Anafanya kazi hii mwaka wa kumi na moja sasa. Jina lake analo, lakini viziwi wamempa lao: kidole kimoja kinachopita juu ya jicho. Katika lugha ya alama swali huulizwa kwa nyusi pia, na zake hupanda juu kuliko za wengine. Wanaosikia wamelitafsiri jina hilo, nao humwita Nyusi.

Lugha hii aliletewa nyumbani. Mdogo wake wa kiume aliugua homa ya uti wa mgongo akiwa na miaka minne. Alipona, masikio hayakupona. Kwa muda waliishi kwa ishara za kubuni, za maji, chakula na usingizi, mpaka mtoto alipopelekwa shule ya viziwi. Likizo ya kwanza alirudi na lugha kamili.

"Mimi ndiye mkubwa, nilizoea kumwamrisha," anasema Nyusi. "Kwenye alama akaniamrisha yeye. Nikikosea ananishika vidole, ananirudisha nyuma kama mtoto wa chekechea."

Siku hizi mdogo wake ni seremala katika mji mwingine. Humpigia dada yake simu ya video akiwa ameiegemeza kwenye kopo la gundi, maana mikono yote miwili inahitajika kwa mazungumzo.

Kazi ya ukalimani haina mshahara wa mwezi. Kikao kimoja cha serikali humpa kiasi cha kutosha wiki moja, lakini wiki nyingine hupita bila kikao. Pengo huzibwa na vipindi vya mchana shuleni, na hospitali inapomwita ili daktari na mgonjwa waelewane. Jioni hulowesha mikono kwenye beseni la maji ya moto. Mama yake, anayeishi naye, humuuliza kama leo amekuwa akifua au akiongea.

Mwaka jana nusura kazi yenyewe imponyoke, na chanzo kilikuwa neno moja.

Mjumbe alikuwa amekuja ukumbini humu akiwa na furaha. Muswada wake ulikuwa umepita na kuwa sheria. Kila kata ingekuwa na baraza la vijana, lenye sauti katika mambo kama viwanja vya michezo na vyuo vya ufundi. Vijana wa miaka kumi na minane hadi thelathini na mitano wangepiga kura na kugombea. Akazisoma sifa za mgombea: awe mkazi wa kata, awe na umri unaotakiwa, "na awe na uwezo wa kusema, kusoma na kuandika".

"Nikaweka alama ya kusema, hapa mdomoni," Nyusi anakumbuka. "Safu ya mbele alikaa fundi wa kuchomelea. Uso wake ulibadilika kabla sijafika kwenye kusoma."

Wakati wa maswali ulipofika, fundi huyo alisimama. Ni kijana mpana wa mabega, mwenye alama ndogondogo za cheche kwenye mikono. Mkalimani hugeuka sauti ya anayetoa alama. Hasemi "anasema kwamba", husema "mimi". Kwa hiyo ukumbi ulimtazama kijana akirusha mikono, ukasikia sauti ya mwanamke ikisema:

"Mheshimiwa, mimi natengeneza milango. Nautambua mlango uliofungwa kwa bahati mbaya, na uliofungwa kwa makusudi. Sheria yako imenifungia nje, halafu umeniita nije nikupigie makofi. Naomba uniambie, mlango huu ulifungwa vipi?"

Msaidizi wa mjumbe alikuwa ameshasogea karibu na kumnong'oneza Nyusi, "Punguza makali, dada. Punguza kidogo tu." Nyusi hakupunguza. Mtu fulani nyuma akacheka, akajinyamazisha.

"Hayo ni maneno yake au ni yako?" Mheshimiwa akauliza.

Mkalimani hajibu kwa niaba ya mtu. Alimgeukia fundi, akamtafsiria swali hilohilo. Jibu la fundi likarudi kwa sauti ya Nyusi: "Ni yangu. Huyu ametoa sauti tu."

Mjumbe alisema ataliangalia jambo hilo, akaita swali lingine. Lakini mkutano ulipokwisha, msaidizi alimsubiri Nyusi getini.

"Kulikuwa na ulazima gani? Yule ni mkubwa."

"Je, nipunguze na ya Mheshimiwa anapowaambia wao?"

Toka siku ile simu za ofisi ya mjumbe zikakatika. Mikutano iliendelea bila mkalimani, na viziwi wakaacha kuhudhuria, maana kuangalia midomo ya mtu aliyeziba uso kwa kipaza sauti ni kupoteza asubuhi bure.

Nyumbani nako hakukukalika kirahisi.

"Mdomo uliponza kichwa, mwanangu," mama yake alimwambia.

"Mama, mdomo haukuwa wangu."

"Kichwa je?"

Nyusi anakiri kwamba maneno hayo yalimwingia. Alijiuliza kama ni kweli alitia chumvi bila kujua, kwa sababu hasira kama ya fundi aliifahamu tangu utotoni, kwa mdogo wake. Alimpigia mdogo wake, akamwonyesha alama zote kama fundi alivyozitoa, kisha maneno aliyoyasema. Mdogo wake alitazama mpaka mwisho, akafuta vumbi la mbao usoni.

"Angekuwa ni mimi nimesimama, ungepunguza?"

"Hapana."

"Basi lala."

Wakati huo fundi na wenzake walikuwa wameshapiga moyo konde. Sheria inawaruhusu wananchi kupeleka ombi kwenye kamati ya bunge la jimbo, mradi saini zitoshe. Walianza na mafundi wa jirani, wakaenda kwa washonaji wa ng'ambo ya barabara, kisha kwa timu ya mpira anayochezea fundi, ambako wanaosikia ndio wengi. Golikipa, ambaye amezoea kuelewana na beki wake kwa mikono, ndiye aliyekusanya saini nyingi kuliko wote.

Kamati ikakubali kuwasikiliza. Karani wa kamati akawashauri kwa ujumbe wa simu kwamba, kurahisisha mambo, wao waandike majibu yao kwenye karatasi. Fundi akamrudishia swali: "Na waheshimiwa nao wataandika?"

Ikabidi atafutwe mkalimani. Katika wilaya nzima walikuwapo wawili, na mmoja alikuwa amejifungua wiki ileile.

"Walinipigia kwa sauti laini, utadhani wanabembeleza mtoto," Nyusi anasema, akicheka mpaka anashika mbavu.

Chumba cha kamati kilikuwa kidogo, chenye meza ya duara na feni iliyokuwa ikilalamika. Mjumbe aliyekuwa mkubwa kwa umri kuliko wote hakupendezwa na ombi lile. Vijana wa leo, alisema, wanakimbilia kugombana na sheria kabla ya kuwasikiliza waliozitunga. "Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Nyusi alitafsiri methali yote, bila kuruka kitu. Fundi aliifuata mikono hadi mwisho. Akarudisha kiti nyuma, akapandisha mguu wa suruali hadi gotini.

"Mzee wangu, mimi sijawahi kusikia la mkuu tangu nizaliwe," ilisema sauti ya Nyusi. "Guu ndilo hili. Zima."

Kisha mzee mwenyewe ndiye aliyeanza kucheka, na cheko lake likaifungulia njia kamati nzima. Alipotulia akasema, "Haya, kijana. Tueleze unataka nini." Fundi akaeleza: neno "kusema" liondoke, "kuwasiliana" lichukue nafasi yake. Hakuomba kitu kingine.

Mjumbe mwenye muswada, yule wa ukumbini, ambaye pia alikuwa kwenye kamati ile, aliomba nafasi ya mwisho.

"Uliniuliza mlango ulifungwa vipi, sikukujibu," alimwambia fundi, akimtazama yeye na si mkalimani. "Kile kifungu tulikiokota kwenye sheria ya zamani, tukakibandika bila kukisoma vizuri. Mlango haukufungwa kwa makusudi. Lakini wewe uliachwa nje, na mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo."

Marekebisho yalipita. Leo, katika ukumbi wa kata, Mheshimiwa anayasoma kwa vijana neno kwa neno, na safu tatu za mbele zinainua mikono na kuitikisa hewani, ambayo ndiyo makofi yao. Safu za nyuma zinawaiga.

"Nilimkasirikia, siwezi kukataa," mjumbe anasema mkutano ukiisha. "Nilidhani ananichongea. Baadaye nikawaza kwamba miaka yote amekuwa akinitafsiri mimi vilevile, kama nilivyo. Hapo sikuwahi kulalamika."

Nyusi hajaridhika. Ofisi ya mjumbe imeahidi mkalimani kwa kila mkutano, lakini ahadi haina vidole. Kata ni nyingi, wakalimani ni wawili. Ndiyo maana kila Jumamosi hufungua darasa katika chumba alichoazimwa shuleni. Wanafunzi wake ni pamoja na muuguzi, kinyozi, na mama mwenye binti kiziwi wa miaka mitano.

"Nimewaambia, tukimaliza salamu na rangi tusijipongeze," anasema. "Nataka wajue 'muswada'. Wajue 'kura' na 'napinga'. Mtu akinyimwa neno 'napinga', umemwachia nini?"

Uchaguzi wa mabaraza umekaribia. Fundi wa kuchomelea ni miongoni mwa wagombea. Nyusi ana miaka thelathini na minne, kwa hiyo sheria bado inamhesabu kijana kwa uchaguzi huu, na kwa huu peke yake. Ameshaiarifu tume kwamba kwenye mkutano wa wagombea wa kata yake hatasimama mbele. Kinyozi ndiye atakayetafsiri, na anafanyishwa mazoezi mpaka anaota alama.

"Miaka kumi na moja nimesema 'mimi' kwa ajili ya watu wengine, wakubwa kwa wadogo," anasema, akichukua mkoba wake, maana hospitali imeshampigia mara mbili. "Siku hiyo nitakaa kwenye kiti kama mpiga kura. Nitanyoosha mkono, na fundi atalijibu swali langu kama wagombea wengine. Sitamhurumia."

Anapoulizwa ni swali gani, nyusi zinapanda.

"Hilo nitalisema mwenyewe."