Bei ya Baiskeli Isiyo na Jina

Baiskeli yangu ilibaki mpya kwa sababu niliiogopa. Niliinunua mwaka wangu wa kwanza wa ualimu, katika shule moja ya milimani juu ya mji wa Machakos, bila kujiuliza kwa nini walimu wenzangu wote walikwenda kazini kwa miguu. Asubuhi niliisukuma kupanda mlima. Jioni iliniteremsha yenyewe, bila kunishauri, na wiki ya pili ilinitupa matuta mawili chini ya barabara, katikati ya mahindi ya watu. Tangu siku hiyo ilikaa chumbani kwangu ikaanikiwa taulo. Karatasi za kiwandani zilikuwa bado zimefungwa kwenye fremu, na tairi zilikuwa na vile vinyweleo vya mpira ambavyo huisha kwa safari chache tu.

Nisingeiuza kama si mbuzi. Kwetu Ukambani mwanamume anaweza kupeleka kwa wakwe ng'ombe, asali na mablanketi, lakini kabla mbuzi watatu wa ntheo hawajaingia katika boma lile, hajaoa. Anaweza kuishi na mwanamke wake miaka na kuzaa naye, wazee bado watasema anakaa na binti wa watu. Mimi nilikuwa nimeahirisha ntheo mara mbili: mara ya kwanza mshahara ulichelewa, mara ya pili ndugu yangu aliugua na akiba yote ikaenda hospitalini. Baba ya mchumba wangu, mkulima wa upande wa Masinga, alituma neno fupi kwamba Jumamosi ile ikipita, tusisumbuane tena. Wakati huohuo karani mmoja wa ranchi ya Konza alikuwa ameanza kupita pale nyumbani kusalimia. Mtu hatoki Konza mpaka Masinga kusalimia tu.

Mpango wangu ulikuwa wa msomi. Kuuza baiskeli Machakos mjini ilikuwa aibu, maana nusu ya wanunuzi wangekuwa wazazi wa wanafunzi wangu. Tena mbuzi wa mjini walikuwa ghali, na kuwasafirisha kwa basi ni vita. Lakini siku moja kabla ya ntheo ilikuwa siku ya soko kule Kithyoko, karibu na kwa wakwe. Ningeipakia baiskeli juu ya basi, niiuze pale ambapo hakuna anayenijua, ninunue mbuzi palepale, nilale gesti, na asubuhi wajomba zangu wanikute na mbuzi mkononi kana kwamba nimewafuga mwenyewe.

Bei niliipanga kwa elimu ya chuo kikuu. Nilichukua bei ya dukani, nikatoa sehemu ya uchakavu kwa kila mwaka, kisha nikarudisha kidogo kwa kuwa haikuchakaa. Nikapata elfu tatu na mia sita. Mbuzi mmoja alikuwa karibu elfu moja, kwa hiyo zingebaki za soda na gesti. Nilifurahia hesabu hiyo kuliko mtu mzima anavyopaswa kufurahia hesabu. Na ili bei isimame imara, asubuhi ile nilichana zile karatasi zote, nikaisugua fremu kwa mafuta ya taa mpaka ikawaka.

Sokoni niliisimamisha karibu na kinu cha posho, nikasimama kando yake kama mtu anayepigwa picha. Watu walipita wakaitazama, wakanitazama mimi, wakaendelea. Saa nzima hakuna aliyeuliza bei. Hatimaye akaja mchuuzi wa mbuzi, mwanamume mnene mwenye kofia ya sufu juani, akabonyeza tairi kwa kidole gumba.

"Hii ni pesa ngapi?"

"Elfu tatu na mia sita."

Hakusema kitu. Ukimya wake ulinitisha, nikaharibu.

"Lakini kwako, mzee, elfu tatu."

Akainua macho polepole. "Mbona unashuka haraka hivyo? Hata sijaongea."

"Nina haraka kidogo. Hata elfu mbili na mia nane."

Sasa alikuwa hatazami baiskeli tena. Alimwita fundi wa pancha aliyekuwa jirani, na fundi akaja akaipindua, magurudumu juu, akapitisha mkono kwenye madigadi ya nyuma.

"Haina jina," fundi alisema kwa sauti ya kusikiwa na kila mtu. "Na imetolewa karatasi juzijuzi. Ona gundi, bado inashika."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Upande ule mtu akinunua baiskeli huiacha na karatasi zake mpaka jua lizile, ili kila anayemwona ajue ni mpya na ni yake. Kisha humlipa mchoraji amwandikie jina kwenye madigadi, na pengine neno la shukrani kwa Mungu. Baiskeli mpya isiyo na karatasi wala jina, inayouzwa na mgeni ambaye bei yake inateremka kama mawe, watu wale walikuwa na maelezo yake tayari. Mimi mwenyewe ningekuwa nayo.

"Risiti iko wapi?" mchuuzi aliuliza.

"Nyumbani. Machakos." Hesabu ya uchakavu nilikuwa nayo mfukoni. Risiti nilikuwa nimeiacha.

"Machakos!" Mtu alicheka nyuma yangu. "Na akapita masoko yote hayo mpaka huku. Huko Machakos watu hawapandi baiskeli?"

"Mimi ni mwalimu," nilisema.

"Mwalimu wa nini? Wa kushusha bei?"

Kicheko kikazunguka, lakini hakikuwa kicheko kizuri. Duara lilikuwa limekua. Mwanamume mmoja aliyekuwa amebeba magunia matupu begani aliyatua chini bila kuharakisha, akakunja mikono ya shati. Nilikuwa nimewahi kuona duara la namna hiyo mjini, kwa mbali, na nilijua linavyobadilika likikosa jibu. Fundi alikuwa bado ameshika gurudumu la mbele.

"Tumpeleke kwa chifu," mmoja alisema.

"Chifu yuko mbali," mwingine akajibu, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

Mchuuzi, nadhani kwa wema, aliinua mkono. "Ngojeni. Kijana, hapa Kithyoko nani anakujua? Sema mtu mmoja tu."

Nikatazama huku na huku nikitafuta uso, uso wowote, na nikauona ambao sikuutaka. Mbele ya ukuta wa kinu, nyuma ya rundo la kunde ambalo nilipofika halikuwapo, alikuwa ameketi mama ya mchumba wangu.

Nilikuwa nimemwona mara moja tu, siku ya kujitambulisha, akikatiza nyuma ya ghala na leso kichwani. Kati ya mwanamume na mama ya mke wake, kwetu kuna nthoni, heshima ya kukwepana: hamkai pamoja, hamtazamani usoni, mkikutana njiani mmoja hupita kichakani. Kumwita mbele ya soko zima ningekuwa nimemvua nguo. Tena ningekuwa nimemwambia kwamba mbuzi wa kesho walikuwa bado hawajanunuliwa, na kwamba walikuwa wamekaa juu ya magurudumu mawili ambayo hakuna aliyeyataka. Nikafunga mdomo.

"Hakuna anayemjua," yule wa magunia akasema, akasogea.

Lakini yule mama alikuwa ameniona. Alishtuka, akavuta leso ikafunika uso, akageuka mzima mzima na kuupa mgongo umati, kunde na mimi, akabaki ameutazama ukuta wa kinu kama mtoto aliyeadhibiwa.

"We mwaitu, mama yangu," akaita muuza nyanya aliyekaa karibu naye, "umeona nini? Umeona nyoka?"

Muuza nyanya alimtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama tena. Kisha akapiga kofi pajani.

"Aiya! Mwacheni huyo mtu! Mwachilieni gurudumu! Mwizi gani anafichiwa uso na mama ya watu? Huyo ni mthoni, mkwe wake!"

Lilipita kama upepo. "Mthoni! Ni mthoni wake!" Wanawake walicheka mpaka mmoja akaegemea gunia. Fundi akaisimamisha baiskeli, akapangusa kiti kwa kiwiko. Yule mwanamume akainua magunia yake, akasema, "Si ungesema tu, mwalimu," na akaenda zake kama mtu aliyekosa basi.

Nilidhani mambo yamekwisha. Lakini mchuuzi alikuwa anafikiri, na nilimwona akilifikia jibu.

"Kumbe," alisema. "Mthoni. Na umekuja soko ya mbuzi. Ntheo ni lini?"

"Kesho."

"Kesho!" Akakunja mikono juu ya tumbo. "Basi tusisumbuane na pesa. Mimi niko na mbuzi, wewe uko na baiskeli. Nakupa mbuzi wawili."

"Zinatakiwa tatu, mzee. Unajua."

"Najua. Lakini soko inaisha na baiskeli haina karatasi. Wawili."

Kabla ya hapo nilikuwa mwizi mwenye baiskeli ya kushangaza. Sasa nilikuwa mtu mwema mwenye shida inayojulikana na kila mtu, na bei yangu ilikuwa imeshuka zaidi. Mbuzi wawili hawakuwa theluthi mbili za ntheo. Hawakuwa kitu. Wajomba wangefika asubuhi na sukari na masanduku ya soda, na tungesimama langoni kama watu waliopotea njia. Nikasema elfu tatu. Akatikisa kichwa. Nikasema mbuzi wawili na nusu ya bei ya wa tatu. Akatikisa. Akaanza hata kuondoka, hatua za mtu anayejua ataitwa. Na mimi nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwite.

"Mwambie huyo mwenye mbuzi," ilisema sauti kutoka ukutani.

Sote tukageukia kinu. Yule mama hakuwa amegeuka. Alikuwa anaongea na matofali.

"Nimwambie nini, mwaitu?" muuza nyanya aliuliza, macho yakimng'aa.

"Mwambie mtoto wake anabeba samaki kutoka bwawani kwa kichwa, wanafika hapa wameanza kunuka. Tunanunua tukiziba pua."

"Umesikia?" muuza nyanya akamwambia mchuuzi, ambaye alikuwa amesimama hatua tatu tu kutoka hapo.

"Nimesikia. Mwambie mama hiyo baiskeli haina karatasi."

"Mwambie karatasi haipandwi."

Watu wakapiga makelele. Mchuuzi akavua kofia akajikuna. "Mwambie mama yeye ndiye atakula hizo mbuzi. Si anajipigia debe?"

"Mwambie mimi nauza kunde. Na mwambie juzi alikuwa anauliza nauli ya Thika, aende anunue baiskeli kama hii kwa elfu nne. Aende basi. Asalimie watu wa Thika."

Mimi nilisimama katikati, nikiuzwa. Sikuthubutu kusema neno, kwanza kwa sababu ya nthoni, pili kwa sababu alikuwa anaifanya kazi hiyo vizuri kuliko mimi. Mchuuzi aliizunguka baiskeli mara moja zaidi. Akapiga kengele. Nadhani kengele ndiyo iliyomshinda.

"Tatu," alisema kwa uchungu. "Leteni kamba."

Akawachagua mwenyewe haraka, na wa tatu alikuwa kijibuzi chenye mbavu za kuhesabika na mguu wa kuchechemea. Nilikuwa tayari kumshukuru.

"Mwambie huyo wa mguu arudi," ukuta ulisema, ingawa sijui aliona kwa jicho gani. Akarudishwa, akaletwa beberu mweusi mwenye hasira. Nilipomaliza kufunga kamba na kuinua uso, pale kwenye kunde hapakuwa na mtu. Alikuwa amefunga mzigo na kuondoka kabla hatujalazimika kupishana.

Kesho yake tuliketi kwenye boma la wakwe, wanaume kwa wanaume, na mjomba wangu mkubwa akahutubia. Alieleza jinsi mbuzi wale walivyozaliwa kwenye milima yetu yenye umande, na jinsi mimi mwenyewe nilivyowachunga kila nikitoka shule. Nilitazama viatu vyangu. Baba ya mchumba wangu alisikiliza mpaka mwisho, akiwa na uso usiosomeka, kisha akanigeukia.

"Binti yangu aliniambia uko na baiskeli."

"Ndiyo, mzee."

"Nzuri?"

"Nzuri sana, mzee."

"Mbona hukuja nayo tuione?"

Mjomba wangu akakohoa. Huko jikoni, nyuma ya ukuta, vyombo vilivyokuwa vinagongana vikatulia vyote kwa pamoja, na nikajua ni nani aliyevituliza, ila sikujua amemwambia mumewe nini, au kama amemwambia chochote. Ningeweza kusema imeharibika. Ningeweza kusema nimeiacha Machakos. Mzee alikuwa anangoja bila haraka yoyote, na mbuzi walikuwa bado wamefungwa nje ya lango.

"Nilikuja nayo," nilisema. "Iko hapo nje, mzee. Inakula majani."

Mjomba wangu alifumba macho. Mzee aliinama kidogo, akachungulia lango kupita bega langu, akawaangalia mbuzi kwa muda mrefu, mmoja baada ya mwingine, na yule beberu kwa muda mrefu zaidi. Kisha akamwambia ndugu yake aliyekaa mlangoni:

"Basi ifungue kamba. Iingize ndani kabla haijamaliza ua wangu."