Lori Langu Lisilopiga Kelele

Haya, nitawaeleza mwenyewe, maana nikimwachia mjomba wangu awaeleze atatia chumvi, na aibu yangu ya Ijumaa ile haihitaji chumvi ya mtu. Mimi ndiye yule Athumani aliyesimamisha lori mbele ya msikiti pale Ukunda watu wakitoka kuswali, kifua mbele, najiona bingwa, na nyuma nimening'iniza gari ambalo ndani yake... lakini tusirukie huko, kwanza niwape habari ya injini, kwa sababu mambo yote yalianzia kwenye injini.

Mwishoni mwa miaka ya tisini kazi yangu ilikuwa kuvuta magari yaliyoharibika, kuanzia Diani mpaka Msambweni, na lori langu la kwanza liliponifia nikavuka feri kwenda Changamwe kutafuta jingine kuukuu. Kwenye yadi moja ya kuuzia magari nikakuta mawili, yote yana winchi ya kuinulia nyuma, yote rangi ya bluu iliyopauka, ila moja la dizeli na jingine la petroli. Nami nilikuwa nimeshaambiwa la kununua. Mzee Salim, babake Mwanaisha (Mwanaisha ndiye niliyepeleka posa kwao, nikawa nasubiri jibu huku usingizi haunijii), alikuwa amenieleza waziwazi: "Mwanangu, kuvuta ni kazi ya dizeli. Itanguruma, itatoa moshi, lakini ukiitwisha mzigo haikatai. Petroli waachie wanaokwenda kutembea." Na Mzee hakuwa akibahatisha, alikuwa ameshinda miaka kwenye matrekta ya mashamba ya miwa kabla hajawa mlinzi wa usiku huko Diani.

Lakini mimi nilikuwa na akili zangu! Wateja wangu walikuwa hoteli na majumba ya wageni ya ufuoni, na wenye kuyasimamia walikuwa na ombi moja tu, wageni wasisumbuliwe, na lile lori langu la kwanza la dizeli kila likiingia getini meneja alikuwa akitoka mbio kidole mdomoni kana kwamba nimeingia na ngoma ya pepo. Tena pampu ya dizeli ikisumbua ni lazima uvuke Likoni kumtafuta fundi, lakini kabureta na plagi fundi yeyote wa Ukunda anakusafishia akiwa amekaa juu ya debe. Petroli inakunywa mafuta, hilo sikatai. Nikaliwasha lile la petroli, nikaweka kikombe cha chai juu ya boneti, chai ikatulia tuli, nikasema basi, hili ndilo. (Mpaka leo nasema injini ile haikuwa na kosa lolote. Mwenye kosa alikuwa dereva.)

Hazikupita wiki mbili akanijia Kilonzo, mtu wa bara, msimamizi wa nyumba moja ya wageni kule Diani. "Athumani, iko gari, stesheni wagoni, imekufa hapa kwetu, mwenyewe anataka ipelekwe gereji. Kuja kesho saa saba, wageni wakishakula wanalala. Na mimi sitaki kusikia kelele, tafadhali."

Kesho yake ni Ijumaa, na saa saba ni saa ya swala. Ningemwambia nitakuja saa tisa yangekwisha, lakini nilikuwa na hamu ya kumwonyesha lori langu, na alasiri hiyo hiyo mjomba wangu Nassoro alikuwa aende kwa Mzee Salim kuchukua jibu la posa, kwa hivyo nikataka nimalize mapema, nioge, nikae mkao wa bwana harusi. Nikajiambia nitaswali adhuhuri yangu peke yangu gerejini. Uamuzi wenyewe ni huo tu, mdogo hata hautoshi kujutia.

Nikaingia pale hata mbwa hakubweka. Kilonzo alikuwa amenifungulia geti, na tangu asubuhi alikuwa ameshatoa gia na kulegeza breki ya mkono, akaweka mawe kwenye magurudumu, kwa hivyo sikuwa na haja hata ya kufungua mlango. Vioo vya nyuma vilikuwa vimebandikwa magazeti kuzuia jua, na mimi sikuona ajabu yoyote. Nikafunga mnyororo, nikaliinua gari mbele taratibu, yaani taratibu kweli, Kilonzo akaninyooshea dole gumba, nikaondoka kwa mwendo wa maharusi. Njia nzima nilikuwa najisifu moyoni, nasema Mzee Salim ni mtu wa matrekta, mambo ya Diani atayajulia wapi.

Nilipofika Ukunda swala ndiyo imekwisha, watu wamejaa barabarani na kanzu zao, nikasimama wapite, nikawa nawapungia mkono kama niliyekuwa nao safu moja. Ndipo mlango wa nyuma wa lile gari ukafunguka.

Akatoka mtu yuko na fulana, shuka kaikamata kwa mkono mmoja, macho mekundu, akatazama huku na huku, akaona gari limening'inizwa, akapiga ukelele: "Mwizi! Jamani, mwizi wa gari!"

Mnawajua watu wetu wakisikia neno hilo. Kufumba na kufumbua mlango wangu umefunguliwa, mkono mmoja uko kwenye ukosi wa shati langu, mkono wa mtu mwingine unazima injini, na mimi wallahi niliogopa, nikageuza shingo kumtazama huyo anayenimaliza, na neno lililonitoka likawa moja tu.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba," akajibu Mzee Salim, kwa mazoea. Kisha akanitambua.

Mkono ukaniachia shati. Halafu mzee mmoja akauliza, tena kwa upole, nadhani ndiyo maana iliuma: "Salim, leo hatukukuona. Umeswali wapi?"

Na Mzee Salim ndiye aliyekuwa akiwakemea wenziwe wakikosa safu ya mbele! Akajieleza pale pale, shuka mkononi. Nyumbani kwake kumejaa dada zake waliotoka Vanga kuja kusikia jibu la posa (posa yangu!), vigelegele tangu alfajiri, naye amekesha kazini, akaona ajilaze ndani ya gari bovu la pale pale anapolinda mpaka karibu na adhana. Watu wakauma midomo, kisha mmoja akashindwa, ikaangua kicheko barabara nzima. Mzee Salim akanisogelea tena mlangoni. Hakupandisha sauti.

"Athumani. Umeniinua, umenivuta, umenileta mpaka hapa, na sikusikia kitu."

"Ni petroli, Baba," nikasema.

Sijui nilikuwa natarajia nini, labda anisifu.

Mjomba Nassoro alikwenda alasiri, mimi nikabaki nyumbani sili, siongei, nimeshaamini Mwanaisha nimemkosa na nitamwona akiolewa na mwingine. Aliporudi alikaa kwanza, akaomba maji, akanywa yote (mjomba wangu ana roho mbaya), ndipo akaniambia: "Mzee anasema mambo ya fulana amesamehe, na ya swala ni yake na Mola wake. Lakini binti hampi mtu anayeingia kwa watu, akachukua mtu, akaondoka, asisikike. Weka dizeli, kisha turudi."

Nikaweka dizeli. Lori lile lile, injini nyingine, nikapoteza hoteli mbili na nikapata mke. Siku ya kwanza nilipokwenda kwao nalo nilimkuta Mzee Salim amesimama nje, kanzu imepigwa pasi, kofia kichwani, akanipa mkono kabla sijamwamkia. "Karibu, mwanangu," akasema. "Nimekusikia tangu Mwabungo, nikapata na wasaa wa kuvaa."

Na tangu hapo nimejiapiza, sifungi mnyororo kwenye gari la mtu kabla sijafungua milango yote, mmoja mmoja, nikapiga hodi. Watu hunicheka. Nami huwaacha wacheke, nikangoja kidogo, nikapiga hodi ya pili.