Siku Niliyosimamisha Chapati

Kiwanda cha biskuti pale Industrial Area kilinipeleka kozi ya ubora, nikarudi nikiwa mgonjwa wa kupima. Mwalimu alitufundisha kwamba hakuna biskuti mbili zenye uzito sawa kabisa, na hilo si kosa la mtu. Unapima chache kila baada ya muda, unaweka nukta kwenye chati yenye mstari wa katikati, mmoja juu na mmoja chini. Nukta zikipanda na kushuka ovyo kati ya mistari hiyo, usiiguse mashine, utaiharibu. Lakini zikishuka saba mfululizo, simamisha kazi. Kuna sababu, itafute.

Nilipata raha ambayo hata kanisani sijawahi kuipata. Kwa hiyo, wazazi wa mchumba wangu waliposema wanakuja kwetu Umoja kujitambulisha, nilibandika chati kwenye mlango wa jikoni.

"Chapati si biskuti," mama alisema.

"Mama, unga ni unga."

Alinitazama kama mtu aliyelipa karo yangu bure, lakini akakubali kila donge lipite kwenye mizani kabla ya kusukumwa. Anti, mdogo wake, ndiye aliyeweka nukta, na kazi ikamwingia damuni. Jirani aliyekuja kuazima chumvi alibaki hapo hapo akishangilia. "Hiyo imepanda! Hiyo nayo!" Mambo yalikwenda vizuri mpaka nukta zilipoanza kushuka. Moja, nyingine, nyingine tena.

"Saba," anti alisema kwa sauti ya msibani.

Nikazima gesi.

Wageni walikuwa tayari wanapanda ngazi. Tuliwasikia wakihema na kumshukuru Mungu kwa kila ghorofa. Anti alibadilisha betri za mizani. Mimi nilinusa unga. Jirani akasema labda ni baridi. Mama peke yake alikaa kwenye kistuli, mikono imejaa unga, haulizi chochote.

"Wacheni kutafuta," alisema mwishowe. "Ni mimi, nayakata madogo. Wakipewa chapati ndogo kama kisosi watasema hapa ni kwa wachoyo, waende na kijana wao. Sitaki uolewe uende kwao Kakamega."

"Mama, anakaa Pipeline, hapa hapa Nairobi!"

"Pipeline nako ni mbali."

Mwalimu wa kozi alisema ukishaijua sababu, iondoe. Hakusema ufanye nini ikiwa ni mama yako, amejifuta machozi kwa kiganja na sasa uso mzima ni unga. Nilimkasirikia na kumhurumia kwa pamoja. Mlango ukabishwa, tukapakua zilizokuwepo.

Baba mkwe alichukua visosi vitatu kwa mpigo, akavikunja, akavimeza na mchuzi. Akaongeza vitatu. Mama alimtazama kwa matumaini, akingoja aseme neno baya.

"Mama," mzee alimwambia, "hii nyumba ina hekima. Chapati kubwa humwaibisha mgeni, akila mbili tayari anaonekana mlafi. Hizi mtu anakula akiwa na amani. Nitawaambia watu wote wa kwetu, hivi ndivyo chapati za kwenu Ukambani zilivyo."

Mama aliacha kutafuna. Niliona matumaini yakimtoka usoni na kitu kingine kikiingia, kitu nilichokijua tangu utotoni, kile kilichomfanya arudie kufua sare yangu hata ilipokuwa safi.

"Watu wote?" aliuliza.

"Wote."

Alisimama. "Mzee, weka hiyo chini. Hizo si chapati zangu."

Alikwenda jikoni na mimi nikamfuata. Aliwasha gesi, akakata donge, akalizungusha mikononi kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, halafu akaliweka kwenye mizani yeye mwenyewe. Sikuwa nimemwomba. Nilijua papo hapo kwamba ameniruhusu niolewe, na machozi yakanitoka.

"Unalia nini?" aliniambia bila kugeuka. "Andika."