Pini Iliyoachwa Juani

Mume wangu Jared alikuwa mtu wa kuota macho wazi. Ungemkuta katika kibanda chake cha kazi, hapa nyumbani Kendu Bay, ameweka kipande cha chuma sikioni na uji wake umeshapoa. Nilimkaripia hadi nikachoka.

Ijumaa moja mwaka 1964, mteja wake Wangwe alivuka ziwa kutoka kisiwa cha Mfangano kuja kuchukua injini ya kinu chake cha unga. Jared alikuwa bado anapanua tundu la bushi mpya, ile bangili ya shaba ambamo pini ya pistoni hupita. Bushi ilikuwa hiyo moja tu. Tuliingoja kutoka Kisumu miezi miwili. Ukizidisha tundu kidogo, pini inacheza, na injini inagonga mpaka ivunjike.

Alikuwa na rima mbili, vyuma vya makali vya kupanulia tundu. Ndogo hurekebishwa, inakwangua kiasi cha unywele. Kubwa haina subira: mzunguko mmoja, imekwisha. Alikuwa ametumia ndogo tangu asubuhi, na bado pini ilikataa kuingia. Jua lilikuwa linashuka, na Sabato yetu sisi Waadventista huanza likizama.

"Weka hiyo kubwa, fundi," Wangwe alisema. "Watu wangu wanasaga kwa mawe."

Jared aliishika. Niliogopa, maana nilimjua: huruma ilikuwa inamsukuma. Kisha akalitazama jua, akairudisha rima ndani ya kitambaa.

"Jumapili," alisema.

Wangwe alilala kwetu bila kugusa chakula changu.

Kesho yake kanisani, wakati wa maombi, nilifungua jicho moja. Kidole gumba cha Jared kilikuwa kinasukuma pini isiyokuwepo, polepole, naye anatabasamu. Nilimfinya.

Jumapili alfajiri aliisukuma pini yenyewe kwa kidole hichohicho, ikateleza ndani bila kelele. Wangwe alimshukuru Mungu. Mimi ndipo nilipoelewa kilichokuwa kimeizuia. Ijumaa yote, kila mara Jared alipoiweka pini chini, niliiokota nikaiweka juu ya bati juani, nilikoanika omena, dagaa wa ziwani, isipotee. Chuma kikipata moto huvimba, na viganja vyake sugu havikuuhisi moto huo.

Wangwe alipoondoka, Jared alizipanguza pini zake za akiba, akazipanga kando ya mtungi wa maji, penye baridi.

"Zikae hapa, nyar Gem," alisema, akiniita binti wa Gem, kwetu nilikozaliwa.

Siku hiyo uji wake niliupasha moto mara mbili, bila kumkaripia.