Hodi ya Kadzo

Moshi wa maganda ya korosho huuma macho kabla haujafika puani. Bibi yetu, ambaye sisi wajukuu tulimwita hawe kama wanavyoitwa bibi wote kwetu Vitengeni, alichoma korosho nyuma ya jiko juu ya bati lililotobolewa kwa msumari. Mafuta ya maganda yalipolipuka alirudi nyuma akicheka na kuyatukana. Hapo nyuma ya jiko, katikati ya moshi ule, ndipo dada yangu Kadzo alipofanyia mazoezi ya mchezo wake muhula mzima. Hadi leo, nikipita mahali wanapochoma korosho nageuka nyuma nikidhani kuna mtu anapiga hodi.

Mchezo wenyewe ulikuwa mfupi, wa mtu mmoja. Aliuandika Mwalimu Katana, kijana mwembamba aliyekuja kutufundisha Kiswahili na ambaye hakuweza kukaa kitini. Alifundisha akizunguka darasa, chaki mkononi, mpaka shati lake likawa na alama nyeupe mgongoni, na hatukujua zilifikaje huko. Katika mchezo huo mwanamke anarudi kwake baada ya miaka mingi ya kufua mashuka kwenye hoteli za Kikambala. Anapiga hodi mara tatu, na hajibiwi. Anaketi kizingitini na kuanza kusema na watu aliowaacha ndani, mmoja mmoja, mpaka maneno yanamwishia. Kisha anachukua mfuko wake na kwenda. Basi. Hatujui kama nyumba ilikuwa tupu au kama waliokuwamo hawakutaka kumfungulia. Kadzo alipomuuliza Mwalimu, yeye alitikisa kichwa akasema hata yeye hajui, na kwamba ule ukimya baada ya hodi ndio mchezo, na atakayeujaza ameuua.

Sisi tulikuwa na sababu yetu ya kutotulia mbele ya maneno yale. Mama yetu alikwenda Kikambala kufua mashuka nikiwa bado sijaanza shule. Mwanzoni alikuja kila mwisho wa mwezi, baadaye kila sikukuu, kisha tukaacha kumwona. Waliokwenda kumuulizia waliambiwa alishaacha kazi pale. Majirani walikuwa na maneno yao. Hawe hakuwa na neno, ila kila jioni aliacha sufuria ya maji ya kuoga jikoni, na asubuhi aliyamwagia mipapai. Mwalimu Katana alikuwa mgeni, hakujua habari hizo. Wanawake kama mama walikuwa wengi, na nadhani aliwaandika wote kwa mara moja. Kadzo alipopewa karatasi zile alizisoma akiwa amesimama, akazikunja, akasema, "Huu nitaucheza mimi."

Tena kulikuwa na jambo jingine. Mwalimu mkuu wa shule moja ya wasichana ya Malindi angekuwa miongoni mwa waamuzi wa mashindano ya michezo ya shule ambako Kadzo angeigiza, na ilijulikana kwamba msichana atakayemvutia angempa nafasi ya kidato cha kwanza na kitanda cha bweni. Kadzo alikuwa darasa la mwisho. Kwetu hakukuwa na njia nyingine ya yeye kwenda sekondari, na kila mtu alilijua hilo, hata mbuzi, maana nao walihutubiwa mchezo ule kila asubuhi.

Mtazamaji wake wa mazoezi nilikuwa mimi. Aliniketisha juu ya kinu kilichopinduliwa, akatundika leso kwenye kamba kuwa mlango, akaniambia, "Mbeyu, nikipiga hodi usinijibu. Hata kwa macho." Ilinishinda. Kwetu hodi haiachwi hewani. Hata mgonjwa kitandani huitikia, hata anayeoga huitikia kwa kukohoa. Siku za kwanza neno "karibu" lilinitoka kabla sijalishika, na Kadzo alinirushia ganda la korosho. Mwishowe nikajifunza kuziba mdomo kwa mikono yote miwili. Hawe hakujifunza. Alijibu kutoka jikoni, kila mara, bila kuinua kichwa.

"Hawe, mimi sikupigii wewe hodi!"

"Wampigia nani, basi?"

"Nyumba tupu."

"Mwenyezi Mungu wangu. Mtoto mzima wazungumza na leso kama mlevi."

Lakini nilimwona akiacha kupepeta Kadzo alipofika mahali yule mwanamke anapouliza kama sufuria yake ya zamani bado ina kifuniko. Ungo ulibaki hewani. Mimi nilikuwa mdogo na sikujua kuwa maneno machache namna ile, yaliyoandikwa na kijana asiyetujua, yanaweza kuingia jikoni kwa mtu na kukuta sufuria yenyewe pale pale. Nilijua tu kwamba nilitaka Kadzo aendelee na pia nilitaka anyamaze, na usiku sikulala vizuri.

Siku ya mashindano shule yetu ndiyo iliyokuwa mwenyeji. Madawati yaliunganishwa kuwa jukwaa, uwanja ukanyunyiziwa maji vumbi litulie, na kijiji kizima kikaja. Waamuzi walikaa mbele kwenye viti vya ofisini, yule mwalimu mkuu wa Malindi katikati, mwanamke mnene aliyevaa miwani yenye mkufu. Mwalimu Katana alisimama kando akitafuna kucha. Kadzo alitoka amevaa dera la hawe, mfuko wa nguo begani, na hakuwa Kadzo tena. Alitembea kama mtu ambaye viatu vimembana njia nzima. Akasimama mbele ya leso.

"Hodi," akasema.

"Karibuuu!" uwanja mzima ukajibu, kisha watu wakacheka wenyewe. Kadzo hakugeuka. Mwamuzi mmoja aliinua mkono, Mwalimu Katana akaweka kidole mdomoni akiwakodolea watu macho. Hodi ya pili wakajibu watoto wachache tu, na mama zao wakawafinya. Hodi ya tatu Kadzo aliipiga chini chini, karibu ajipigie mwenyewe, na hakuna aliyejibu. Mikono yangu ilikuwa mdomoni, meno yakiuma kiganja. Nikamwona yule mwenye miwani akiegemea mbele. Nikasema moyoni, ameshinda. Kadzo akaanza kuinama aketi kizingitini.

Ndipo hawe akainuka kutoka kwa wanawake waliokaa chini. Hakuharakisha. Alipanda jukwaani kwa shida, akishika dawati kwa mkono mmoja, akaenda nyuma ya leso, kisha akaifungua kutoka ndani kama mtu afunguaye mlango wake.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Ingia. Mbona wakaa nje na jua lote hili? Lete huo mfuko."

Kadzo alibaki ameinama nusu. Angeweza kuendelea. Maneno yote alikuwa nayo. Nilimwona akimtazama hawe usoni, muda mrefu, kisha akashusha mfuko begani na kumpa. Wakaingia wote wawili, leso ikarudi mahali pake. Jukwaa likawa tupu. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyepiga makofi, na ule ukimya alioutaka Mwalimu Katana ukaja wakati huo, ukakaa juu ya uwanja mzima.

Waamuzi walisema mchezo haukumalizika, na kwamba mchezo wa mtu mmoja hauwezi kuwa na watu wawili. Walikuwa sahihi. Nafasi ya Malindi ilikwenda kwa msichana wa shule nyingine aliyeigiza vizuri. Njiani kurudi nyumbani Kadzo alitangulia, akipiga mawe teke kwa ndara.

"Umeniharibia, hawe! Ulijua kabisa ni mchezo!"

"Nilijua."

"Sasa?"

"Sasa ningemwacha mlangoni?"

Kadzo akasimama. Hawe hakusema "ningekuacha". Tulimngoja atufikie, kisha tukatembea watatu mpaka nyumbani.

Kadzo hakwenda sekondari, nami baadaye sikwenda. Alihamia Mtwapa akasuka nywele kwenye kibanda cha mtu, na Jumapili akaigiza na kundi la vijana waliokutana kwenye uwanja wa kanisa. Aliniambia hajaona tena mtazamaji kama hawe, na alisema hivyo akicheka, ingawa si kila mara. Mama hakurudi. Hawe alikufa mzee. Kadzo amekufa mwaka huu, kwa homa ambayo sote tulidhani itapita.

Baada ya mazishi nilikwenda Mtwapa kutoa vitu vyake. Chumba chake kilikuwa cha mwisho kwenye ujia mrefu wa vyumba vya kupanga. Nilikuwa na ufunguo mkononi na bado nikapiga hodi. Nikapiga ya pili. Redio ililia chumba cha mbali, milango mingine ilikuwa na kufuli, watu wako kazini. Nilipopiga ya tatu nilijua kinachofuata, nikaketi kizingitini. Maneno yote ya mchezo ule ninayo mpaka leo, hata la sufuria na kifuniko chake. Sikuweza kusema hata moja. Hapo ndipo nilipoona kwamba Mwalimu Katana aliandika kweli tupu. Hapo hapo nilimtaka hawe aje kuivuruga.

Siku hizi nashona sare za shule hapa Malindi, na Jumamosi alasiri huenda kwenye ukumbi ambapo vijana huonyesha michezo mifupi waliyoandika wenyewe. Sina elimu ya kuichambua. Naipenda kwa sababu haipotezi muda wako. Mtu mmoja, kiti kimoja, labda simu isiyopokelewa au shamba lililouzwa kwa siri, na kabla hujakaa sawasawa imekwisha, haikukuaga. Zamani ningeiona haina adabu. Sasa naona ndivyo mambo yanavyokwisha. Watazamaji wa leo wamejifunza kunyamaza vizuri kuliko sisi wa Vitengeni. Wanakaa gizani, hawakohoi, kisha wanapiga makofi na kwenda kutafuta chai. Mwalimu Katana angewafurahia.

Mimi huondoka nikitembea haraka bila haja ya haraka. Wiki iliyopita msichana mmoja, umri wa Kadzo wa siku ile, alisimama jukwaani mbele ya mlango uliochorwa kwa rangi akapiga hodi. Watu kimya. Akapiga tena. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha pembeni, karibu na ngazi za jukwaa, mahali ninapokaa kila mara. Niligundua kwamba nimeshika mkoba wangu na miguu yangu imekwisha kujipanga chini ya kiti. Sikuinuka. Alimaliza mchezo wake peke yake, vizuri sana, nikampigia makofi kama wengine. Lakini mikono yangu haikuwa mdomoni, na Jumamosi hii naenda tena.