Mahindi ya Serikali na Ng'ombe wa Watu

Binti yangu ameolewa Nyamisangura, mjini Tarime, na ana kiduka cha sukari, sabuni na unga. Nikienda kumtembelea huwa nakaa kwenye kigoda nyuma ya meza yake, nasikiliza watu. Mwezi uliopita mteja mmoja, mwanamume wa makamo aliyekuja kununua kilo mbili za sembe, alikuwa anaeleza jinsi vijiji vya Serengeti vilivyozoea chakula cha serikali. "Wale wakisikia lori tu wanatupa majembe," alisema. Watu wawili wakacheka. Binti yangu aliujua mdomo wangu, akanitazama, akasubiri.

Nikanyamaza. Sikunyamaza kwa upole, maana Mungu alipokuwa anagawa upole mimi alinipita. Nilinyamaza kwa sababu maneno yale yalikuwa yangu. Niliyasema mwenyewe, karibu hivyo hivyo, miaka ile nilipokuwa Kerende na tumbo limejaa.

Kerende ni kule Nyamongo, kwenye dhahabu. Mume wangu alikuwa anashuka kwenye maduara, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, nami nilikuwa mama ntilie. Siku moja alikuja mwanamke kutoka upande wa Serengeti, amejitanda gunia tupu mabegani kwa ajili ya manyunyu, gunia lenye maandishi ya chakula cha msaada. Aliniomba ukoko. Sikumnyima, lakini nilimpa pamoja na maneno. "Serikali inawalisha, na bado hamshibi?" Wateja wangu walicheka mpaka mmoja akapaliwa na ugali. Mwanamke yule alishukuru, akafunga ukoko kwenye pindo la kanga, akaenda zake. Siku ile nilijiona mchangamfu sana.

Hujafa hujaumbika. Mume wangu alianza kukohoa, akakohoa miaka miwili, tukauza kitu kimoja kimoja mpaka masufuria ya biashara, kisha akafa. Nilirudi na watoto watatu kwenye shamba la baba yake huko Ringwani, wilaya ya Serengeti. Nyumba ilikuwa imesimama, zizi lilikuwa tupu na majani yameota ndani.

Mtu wa kwanza kunijali alikuwa mzee wa ng'ambo ya kijito, rika moja na marehemu baba mkwe wangu. Alikuja na fimbo yake, akalizunguka zizi, akaondoka bila kusema kitu. Wiki iliyofuata alirudi na ng'ombe wanne. Nilipoanza kushukuru alinikatiza.

"Sijakupa. Nimekuwekea."

Kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi hawalazi wote zizi moja. Anawagawa kwa watu anaowaamini, ili ugonjwa ukiingia usimmalize, na ili wanaopenda kuhesabu mali ya mwenzao wasifike mwisho. Anayewekewa anakamua maziwa na kutumia samadi, na akiwatunza vizuri kwa miaka kadhaa anapewa mtamba mmoja awe wake. Sharti ni moja tu, humtaji mwenye ng'ombe. Mzee huyu alikuwa na wake wawili. Wale wanne alikuwa amewatenga kwa ajili ya watoto wa mke mdogo, na mke mkubwa hakuwa na habari. Angejua, pangewaka moto, maana wanawe walikuwa wengi na kila mmoja alikuwa na shida yake.

Basi kijiji kikaamini ng'ombe ni wangu. Walisema nimerudi na dhahabu ya Kerende. Sikukataa, na nakiri kwamba ilinipendeza kidogo kuonekana tajiri. Kila ndama alipokua, mzee alikuja usiku kuhamisha mmoja, kwangu wakabaki wanne. Maziwa yale ndiyo yaliyolea wanangu miaka minne, na kwa hilo tu ningemshukuru mzee hata kama hadithi ingeishia hapo.

Mwaka wa tano mvua zilikatika mtama ukiwa magotini. Muhogo tuliung'oa kabla haujakomaa. Ng'ombe walikauka maziwa, nikawa ninapika mara moja kwa siku, jioni, ili watoto wasilale wakilia. Binti yangu wa mwisho alikuwa darasa la pili. Mwalimu wake alikuja nyumbani kuniambia kwamba mtoto anaanguka mstarini asubuhi, si mara moja, mara tatu. Nilimwambia nitaona la kufanya. Hakukuwa na la kufanya. Mtu atauliza kwa nini sikuuza ng'ombe mmoja. Ng'ombe wa watu hauzwi, hata ukimtazama mchana kutwa.

Ndipo likaja tangazo la mahindi ya serikali. Utaratibu wake ni huu: kamati ya kijiji inaandika majina ya kaya zisizojiweza, mtendaji anayasoma kwenye mkutano wa hadhara, na wananchi wanajibu kama mtu anafaa au hafai. Sijui njia nyingine iliyo ya haki kuliko hiyo, wala iliyo chungu kuliko hiyo. Unakaa chini kwenye kanga yako, na majirani wanaupima umaskini wako kwa sauti.

Na maneno yalikuwa mengi tangu kabla ya mkutano. Walioandikwa waliitwa "wa mahindi," na mtu akiitwa hivyo hata salamu yake ilipokelewa kwa kucheka. Wapo waliosema serikali inafuga wavivu. Wapo waliosema mahindi yagawanywe kwa kila nyumba kisado kisado, tajiri na maskini, kwa sababu njaa haichagui. Na mzee wangu wa ng'ambo ya kijito alikuwa na lake, alilisema pale kwenye mashine ya kusaga mbele ya watu. "Mtu wa kula mahindi ya serikali ni kama kuku. Anaitwa kwa punje." Alisema yeye hayataingia kinywani mwake. Watu walicheka, nami nikacheka nao, kwa sababu jina langu lilikuwa bado halijasomwa.

Mkutano ulifanyika uwanja wa shule ya msingi. Wanaume walikaa kwenye madawati yaliyotolewa darasani, sisi wanawake chini. Mbele yangu, hatua mbili tu, alikaa mke mkubwa wa mzee, amefunga kitambaa cha bluu kichwani. Mtendaji alisoma majina. Mjane wa kilima cha pili, anafaa. Kipofu wa karibu na kanisa, anafaa. Kisha akasoma langu.

Jirani yangu wa upande wa juu alisimama. Si mtu mbaya. Alikuwa amekonda kama mimi.

"Mwenyekiti, mimi nauliza. Huyu mama ana ng'ombe wanne, kila mtu anawaona. Mimi sina hata kuku, na jina langu sijalisikia. Hii orodha mliiandikaje?"

Watu waliguna. Mwenyekiti wa kijiji alinigeukia.

"Mama, ni kweli una ng'ombe?"

"Wapo kwangu," nilisema.

"Nakuuliza kama ni wako."

Nilifungua mdomo nikaufunga. Nikisema si wangu, swali linalofuata ni moja tu, na jibu lake lilikuwa limekaa kwenye dawati la tatu na fimbo mapajani. Nilikitazama kile kitambaa cha bluu. Nilimfikiria mtoto wangu akianguka mstarini, kwenye uwanja ule ule.

"Auze mmoja ale," alisema mwanamume mmoja nyuma, na wengine wakacheka.

"Anayenyamaza amekubali," alisema mwenyekiti. "Mtendaji, kata hilo jina."

Mtendaji alikuwa kijana. Akainamisha kalamu.

"Mura, kijana wangu, ngoja kwanza," alisema mzee.

Alisimama taratibu, akiegemea fimbo. Hakunitazama mimi wala hakumtazama mke wake. Alizungumza na yule mtendaji kana kwamba wako wawili tu.

"Wale ng'ombe ni wangu. Wanne wote. Nilimwekea mimi. Huyu mama hana hata kwato moja."

Nilisikia mbuzi wa mwalimu wakitafuna nyuma ya darasa. Mke mkubwa alifungua kitambaa chake, akakifunga upya kwa kukaza, akasimama na kupita katikati ya mkutano bila kuaga mtu. Mzee alibaki amesimama mpaka mkewe alipopotea kwenye kona ya ofisi ya walimu. Ndipo akakaa.

"Anafaa?" aliuliza mtendaji.

"Anafaa," watu walisema.

Nilipata gunia moja. Kabla ya kulibeba niliyahamisha mahindi, nikaligeuza gunia ndani nje ili maandishi yasionekane, kama walivyofanya wengine wote. Haikusaidia. Njiani waliniambia mwaka huu nitanenepa. Kwenye mashine tuliambiwa tusubiri wenye nafaka zao wasage kwanza. Na hata ungeficha gunia, ugali ungekusema, kwa kuwa ugali wetu wa kila siku ni wa mtama na muhogo, mweusi mweusi, na huu ulikuwa mweupe. Aliyechungulia jikoni alijua.

Lakini watoto walikula. Yule mdogo alikula, akalamba vidole kimoja kimoja, akaomba tena, na kulikuwa na cha kumwongeza. Nilitoka nje nikalia nyuma ya zizi. Nasema wazi kwamba nashukuru. Naishukuru serikali, na wakulima wa huko mbali nisikokujua waliolima mahindi yale, na wanakijiji waliosema anafaa. Namshukuru na yule mwanamke wa Kerende, ambaye nilimpa ukoko na matusi, akachukua ukoko na kuniachia matusi yangu. Jirani aliyenipinga nilimkasirikia wiki nzima. Kisha nilimpelekea visado viwili, kwa sababu alisema kweli, hakuwa na hata kuku.

Mzee alikuja siku ya tatu baada ya mgawo kuwachukua ng'ombe wake. Siri ilishatoka, na wana wa mke mkubwa walitaka wanne wale warudi zizini wahesabiwe pamoja na wengine. Nilimsalimu shikamoo, nikampa kigoda. Nilikuwa nimesonga ugali, na mgeni hapiti mbele ya ugali, hata kama ni wa kuitwa kwa punje. Nikamwekea, na mboga ya kunde. Aliutazama ule weupe. Akanawa. Akala mpaka akamaliza.

"Unga wenu mnausaga vibaya," alisema. "Una chenga."

"Tulisagiwa wa mwisho, tata."

Aliitikia kwa kichwa. Tulipofika zizini alinionyesha kwa fimbo mtamba mmoja mwekundu mwenye alama nyeupe kwenye paji.

"Huyu ni haki yako kwa miaka uliyowatunza. Lakini leo sikupi. Nikikupa leo, mimi na wewe tutakuwa waongo mbele ya kijiji. Mvua ikirudi nitamleta."

Akawaswaga wote wanne kuvuka kijito. Nilimwangalia mtamba wangu akiondoka, nikacheka peke yangu.

Mvua ilirudi. Mzee hakuja. Nilisikia anaumwa miguu, kisha tumbo, na baada ya mavuno akafariki. Nilikwenda msibani, nikachota maji, nikapika, sikufungua mdomo juu ya mtamba. Ningesema nini, na shahidi wangu ndiye tunayemzika? Nakiri nilimkasirikia, maiti wa watu, kwamba amekufa na ahadi yangu.

Mwezi ulipita. Asubuhi moja nilikuwa nalima karibu na njia nikamwona mke mkubwa anavuka kijito, kitambaa kile kile cha bluu, anaswaga ng'ombe mwekundu. Nyuma ya ng'ombe kulikuwa na ndama wa siku chache. Nilitupa jembe nikamkimbilia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Chukua ng'ombe wako."

Nilimtazama ndama, kisha nikamtazama yeye.

"Aliwaita wanangu wote kabla hajafa," alisema. "Akasema yule mwekundu si wetu. Wanangu walitaka kubisha. Nikawaambia mkono wa baba yenu haurudishwi nyuma."

"Mama, siku ile ya mkutano najua uliumia kwa sababu yangu."

"Si kwa sababu yako. Na bado nina hasira naye. Lakini ng'ombe ni wako."

Alikataa uji, akakubali maji, akarudi kwake.

Mwaka uliofuata kulikuwa na mgawo mwingine mdogo, na orodha ikaanzia kwenye ile ya zamani. Tulikaa tena uwanjani. Nilipolisikia jina langu nilisimama kabla mtendaji hajamaliza kuuliza.

"Lifute. Mimi nina ng'ombe."

Jirani yangu wa upande wa juu, ambaye safari hiyo jina lake lilikuwa limeandikwa, aligeuka akanitazama.

"Na hao ni wa nani?" aliuliza, na uwanja mzima ukacheka.

"Hawa ni wangu," nilisema.