Pepo wa Kuuliza

Wapo watu kule Hayes, pembeni mwa London, wanaosema Thérèse amepagawa. Waacheni waseme. Hawajawahi kuamka alfajiri kwenda kusugua vyoo vya abiria uwanja wa ndege wa Heathrow, kisha Jumapili wakaingia kanisani sauti ikiwa bado imesimama. Kwaya ya wamama ni yake: akianzisha, wengine wanaitikia.

Kanisa lao ni la Wakongo, watu wa Bukavu na Uvira, nalo linakodi ukumbi wa shule. Kabla ya ibada huwa kuna mafundisho, na Jumapili hiyo Mchungaji Alexis alikuwa amekuja kuwanyamazisha wasioamini wote wa Uingereza.

"Mungu iko," alisema, "kwa sababu Biblia inasema. Na Biblia haiwezi kudanganya, kwa sababu ni neno ya Mungu. Nani atabisha?"

Akasimama Raïssa, binti yake Thérèse, aliyeko chuo kikuu. Kwa Kiingereza, na kwa adabu zote, alisema hapo hakuna kilichothibitishwa. Ili uiamini Biblia kwa sababu hiyo, lazima uwe umeshakubali kwamba Mungu yupo, na hilo ndilo lililotakiwa kuonyeshwa.

Thérèse aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Angeweza kumfinya mtoto kama si umbali wa viti.

Baada ya ibada mchungaji akawaita wote wawili mbele ya wazee wa kanisa. "Mama Raïssa," alisema, "mutoto yako iko na pepo ya kuuliza. Atafungiwa kwa maombi, bila chakula, mpaka itoke. Ukikatala, wewe na yeye munaenda kwa benchi ya azabu."

Benchi hiyo iko nyuma kabisa. Anayekaa pale haimbi, hashiriki meza ya Bwana, na hasalimiwi. Thérèse mwenyewe ameshaimba mara nyingi bila kugeuka kuwatazama waliokaa pale. Na ukweli usemwe, mdomo wake ulishafunguka kukubali. Ila alitaka kujua jambo moja kwanza, kama mama yeyote ambaye mtoto wake ameambiwa mgonjwa.

"Pasta, umejua aje kama ni pepo?"

"Kwa sababu anauliza."

"Na anauliza kwa sababu gani?"

"Kwa sababu iko na pepo."

"Na kama atanyamaza?"

"Pepo itakuwa imejificha."

"Na mimi nikikatala?"

"Basi imekuingia na wewe."

Hapo ndipo hasira ilipompanda. Hakuwa amejali hoja ya asubuhi. Mungu ni mkubwa, atajitetea. Lakini sasa ni mwanawe aliyewekwa katikati ya maneno yasiyo na mlango, na waliomweka wanamtazama kwa huruma!

"Pasta, mimi nilimujua Mungu kwa barabara ya Uvira, nikikimbia vita na huyu mutoto kwa mugongo. Hakuna mutu alinihakikishia. Lakini mutoto yangu hautamufunga na njaa juu ya maneno yenye kuzunguka. Ninakatala!"

Akamshika Raïssa mkono, wakatoka. Kwenye kituo cha basi binti alimwomba watafute kanisa lingine.

"Lingine ya nini?" Thérèse alifoka. "Hii ni yangu."

Jumapili iliyofuata alivaa kitenge cha kwaya, akaenda moja kwa moja kukaa kwenye benchi ya adhabu, Raïssa ubavuni. Mchungaji alirudia somo lake lilelile, neno kwa neno, kisha akauliza kama kuna mwenye swali, macho yake yakiwa kwa watu wa mbele.

Huko nyuma Thérèse akanyoosha mkono. Mchungaji aliuona, kila mtu aliuona.

"Tuombe," mchungaji akasema haraka.

Vichwa vyote vikainama. Thérèse naye aliinamisha chake, akafumba macho na kuomba kwa moyo wote, maana yeye ni mtu wa kusali. Mkono hakuushusha.